Usiache Mbachao: Jinsi ya Kuweka Akiba ya Keneli Inayofanya Kazi

Siku hizi si ajabu kumkuta katibu wa kikundi ameweka daftari kando na kufungua kompyuta. Humo mna majina ya wanachama, hisa za kila mmoja, mikopo iliyotolewa na iliyorudishwa, na hesabu ya maziwa au majani chai. Vikundi vingine vimefungua ofisi ndogo hapo sokoni, vinapiga chapa, vinatoa fotokopi na kuwajazia watu fomu za serikali kwa intaneti. Kompyuta hiyo imekuwa kama ng'ombe wa maziwa. Siku ikikosa kuamka, mgao wa mwisho wa mwaka unasimama, wanachama wanaanza kunong'ona juu ya mweka hazina, na wateja wa sokoni wanahamia kwa jirani.

Kompyuta inaweza kukosa kuamka kwa sababu nyingi. Leo tunataka kueleza sababu moja ambayo dawa yake ni rahisi na haina gharama, lakini wengi hawaijui: keneli mpya ikiwa na kasoro, au ikikosa kupatana na mashini yenu. Anayeijua dawa hiyo hupoteza dakika tano. Asiyeijua anaweza kupoteza vitabu vyote vya kikundi. Si kwamba keneli imevila vitabu, la. Ni kwamba atakuja fundi wa haraka na kusema, "Hii lazima tufute yote, tuanze upya."

KENELI NI NINI?

Neno hili limetoka kwa Kiingereza, na maana yake ni punje au kiini cha mbegu. Katika kompyuta, keneli ni kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi.

Tuifikirie kama mwenyekiti wa kikao chenye watu wengi. Programu ya kuandika barua inataka printa. Programu ya hesabu inataka kusoma diski. Programu ya intaneti inataka modemu. Zote zinataka prosesa na nafasi ya kumbukumbu, na zote zinataka sasa hivi. Keneli ndiyo inayogawa zamu. Kwa kawaida programu hizi haziruhusiwi kuigusa diski au printa zenyewe. Ni lazima zipitie kwa keneli. Kwa hivyo programu ya barua ikiharibika, unaifunga na kuendelea na nyingine. Lakini mwenyekiti akianguka, kikao chote kimekwisha.

Hapa tutazungumza zaidi juu ya keneli iitwayo Linux, kwa kuwa inaruhusiwa kunakiliwa bila kulipia leseni, na hufanya kazi vizuri hata katika kompyuta zilizotumika ambazo vikundi vingi hununua au hupewa. Ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Leo ina zaidi ya mistari milioni 30 ya maandishi ya programu, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10 hivi. Keneli hiyo huwekwa ndani ya mifumo mizima kama Debian, iliyoanza mwaka wa 1993, na Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka wa 2004. Jina Ubuntu ni la lugha za kusini mwa Afrika, na msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja: ni ndugu wa neno letu utu.

JINSI KOMPYUTA INAVYOAMKA

Ukibonyeza kile kidude cha kuwashia, mambo hufuatana hivi:

1. Programu ndogo iliyo ndani ya ubao mkuu wa kompyuta hukagua viungo, kisha hutafuta diski ya kuanzia.

2. Hapo huitwa programu ya kuamsha. Katika Ubuntu na Debian kwa kawaida programu hiyo huitwa GRUB. Kazi yake ni moja tu: kuchukua keneli kutoka kwenye diski na kuiweka katika kumbukumbu.

3. Pamoja na keneli hupakiwa kifurushi cha vifaa vya kuanzia, kiitwacho initrd. Ndani yake mna vile vipande ambavyo keneli huhitaji ili iweze kuifikia diski yenyewe.

4. Keneli hushika usukani, hufungua diski, huita vipande vingine vinavyohitajika, kama vile vya modemu na vya sauti, kisha huziamsha programu nyingine mpaka mnaona mahali pa kuandika jina na neno la siri.

Tazameni basi. Hatua ya 2 au ya 3 ikikwama, hamtafika ya 4. Mtaona kioo cheusi, au maandishi mengi yanayoishia na maneno kernel panic, na hapo mashini inakaa kimya. Lakini vitabu vyenu bado viko pale pale kwenye diski. Mlango tu ndio umekataa kufunguka.

KWA NINI TUBADILISHE KENELI BASI?

Mtu atauliza, "Kama keneli ya sasa inafanya kazi, kwa nini tuiguse?" Ni swali zuri. Jibu ni kwamba keneli, kama kazi yoyote ya mikono ya watu, huwa na matundu, na wezi hutafuta matundu.

Mnamo Oktoba 2016 kulitangazwa tundu moja katika Linux lililopewa jina la Dirty COW, kana kwamba ni ng'ombe mchafu. Lilimwezesha mtumiaji wa kawaida wa kompyuta kujipa mamlaka yote ya mwenye mashini. Tundu hilo lilikuwa limekaa ndani ya keneli tangu mwaka wa 2007, miaka tisa, bila kuzibwa. Waliokubali keneli mpya waliliziba. Waliosema "yetu inafanya kazi, tusiiguse" walibaki na mlango wazi. Keneli mpya pia huleta uwezo wa kutambua printa, modemu na vifaa vingine vilivyotengenezwa karibuni.

Kwa hivyo kubadilisha ni lazima. Lakini kila badiliko lina hatari yake. Pengine keneli mpya haipatani na kadi ya intaneti ya kompyuta yenu ya zamani. Pengine stima imepotea wakati keneli inawekwa, na kile kifurushi cha initrd kimeandikwa nusu. Pengine nafasi ya diski imekwisha katikati ya kazi.

Mkulima anajua la kufanya. Akipewa mbegu mpya ya mahindi, hali mbegu yake ya zamani siku hiyo hiyo. Anapanda mpya, huku akiwa bado na debe moja la ile anayoijua. Msimu ukipita na mpya ikionekana imekubali udongo, ndipo atakapoamua. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

FUNZO LA TAREHE 19 JULAI 2024

Kama kuna mtu anayedhani haya ni mambo madogo, na akumbuke siku hiyo. Kampuni ya CrowdStrike ya Marekani huuza programu ya ulinzi inayofanya kazi ndani kabisa, pamoja na keneli ya Windows. Siku hiyo ilituma faili moja ya marekebisho iliyokuwa na kasoro. Kompyuta zilizoipokea zilianguka, zikajaribu kuamka, zikaanguka tena. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta zilizoathirika zilikuwa milioni 8.5. Ndege hazikuruka, hospitali na benki katika nchi nyingi zilikwama.

Kampuni iliiondoa faili hiyo mbovu baada ya dakika 78. Lakini zile kompyuta zilizokuwa zimeshaanguka hazikuweza kukaa macho vya kutosha kupokea dawa. Nyingi zilihitaji mtu afike mbele ya mashini, aiamshe kwa njia ya dharura, na kuifuta faili ile kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Funzo lake kwetu ni hili: dawa inayoletwa kwa intaneti haimfikii aliyezimia. Dawa ya kompyuta isiyoamka ni lazima iwe imewekwa ndani yake mapema, kabla ya ugonjwa. Hiyo ndiyo maana ya akiba ya keneli.

AKIBA TAYARI IKO, KAMA HAMJAIFUTA

Katika miaka ya 1990 watu wa Linux wengi walikuwa wakijitengenezea keneli wenyewe. Programu ya kuamsha iliyotumika sana wakati huo iliitwa LILO. Hiyo ilikumbuka mahali hasa keneli ilipokaa kwenye diski. Mtu akiweka keneli mpya na kusahau kuiarifu LILO, kompyuta haikuamka. Ndipo ikawa desturi: kabla ya kuweka mpya, iache ya zamani kwa jina jingine na iandike katika orodha ya kuamshia. Maelezo yanayoambatana na Linux yenyewe huwashauri watu hivyo hivyo, kwamba wawe daima na keneli ya akiba karibu.

Leo kazi hiyo Ubuntu na Debian huifanya zenyewe. Toleo jipya la keneli halifuti lile la zamani. Huwekwa kando yake, kila moja na namba yake. Hatari yetu ya leo ni nyingine. Mtu anaona diski imejaa, anatafuta cha kufuta, anakuta faili kubwa zenye majina asiyoyajua, anazifuta. Ameuza mbegu.

Faili za keneli hukaa mahali pawili. Katika sehemu iitwayo /boot kuna vmlinuz, ambayo ndiyo keneli yenyewe, na initrd.img, kile kifurushi cha kuanzia. Katika /lib/modules kuna vipande vya ziada vya kuendeshea modemu, sauti na kadhalika. Vyote vya namba moja huenda pamoja. Ukitunza vmlinuz peke yake umetunza ufunguo bila kufuli: kompyuta huenda isiamke, au ikiamka haitaijua modemu.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua hizi ni za Ubuntu. Katibu au kijana wa kikundi anayejua kuandika amri anaweza kuzifuata kwa nusu saa.

Hatua ya 1: Ijueni keneli yenu. Siku kompyuta inapofanya kazi vizuri, fungueni dirisha la amri na kuandika uname -r. Mtapata namba, kwa mfano 6.8.0-45-generic. Iandikeni katika daftari la kikundi pamoja na tarehe. Hii ndiyo keneli mliyoishuhudia ikifanya kazi.

Hatua ya 2: Tazameni akiba. Andikeni ls /boot. Mkiona vmlinuz zenye namba mbili tofauti au zaidi, mna akiba. Mkiona moja tu, hiyo ndiyo mnayoitegemea, na badiliko lijalo litaleta ya pili.

Hatua ya 3: Iwekeeni ulinzi. Ubuntu ina amri ya kusafisha iitwayo apt autoremove. Kwa kawaida huiacha keneli inayotumika wakati huo na zile mpya kabisa, na kuziondoa nyingine. Kama mnataka ile mnayoiamini isiguswe, andikeni sudo apt-mark manual kisha majina ya mafurushi yake: linux-image-6.8.0-45-generic, linux-modules-6.8.0-45-generic, na kama lipo, linux-modules-extra-6.8.0-45-generic. Wekeni namba yenu badala ya hii ya mfano, na kati ya jina na jina wekeni nafasi, si koma. Kuanzia hapo usafishaji utalipita furushi hilo.

Hatua ya 4: Pimeni nafasi. Andikeni df -h /boot. Keneli moja na kifurushi chake huweza kula megabaiti mia moja na zaidi. Kama sehemu ya /boot imetengwa peke yake na ni ndogo, keneli nyingi zikirundikana huijaza, na badiliko linalofuata hukwama katikati. Wekeni mbili au tatu, si kumi. Zile za kuondoa ziondoeni kwa amri ya apt, si kwa kufuta faili kwa mkono. Na msiondoe kamwe ile iliyotajwa na uname -r.

Hatua ya 5: Nakili kwenye flashi. Diski yenyewe inaweza kufa, kwa hivyo nakala ya nje ni nzuri. Ifungeni kwanza katika kifurushi kimoja kwa amri hii: sudo tar -czf akiba-keneli.tar.gz /boot/*6.8.0-45-generic /lib/modules/6.8.0-45-generic. Kisha peleka kifurushi hicho kwenye flashi. Msinakili faili moja moja, kwa sababu flashi nyingi za dukani hazitunzi ruhusa na viungo vya faili za Linux. Mkimaliza, kikagueni: nendeni mahali kilipo na kuandika tar -tzf akiba-keneli.tar.gz. Orodha ya faili ikitokea mpaka mwisho bila lalamiko, nakala ni nzima.

Hatua ya 6: Fanyeni orodha ionekane. Kwa kawaida Ubuntu huificha orodha ya GRUB, na ili kuiona ni lazima kushikilia Shift au kugonga Esc mara tu mashini inapowaka, kutegemea aina ya kompyuta. Siku ya taharuki ni nani atakumbuka? Afadhali faili iitwayo /etc/default/grub irekebishwe: GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu na GRUB_TIMEOUT=5. Kisha andikeni sudo update-grub. Toka siku hiyo orodha itaonekana kwa sekunde 5 kila mkiwasha.

Hatua ya 7: Fanyeni mazoezi. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo muhimu kuliko zote. Siku moja ambapo hakuna haraka, zimeni kompyuta, iwasheni, ingieni katika mstari wa Advanced options for Ubuntu, na mchague keneli ya akiba. Ikiamka, jaribuni printa, intaneti na kitabu cha hesabu. Akiba ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu. Na afanye zaidi ya mtu mmoja, ili katibu akisafiri kazi isikwame.

Tunaongeza jambo la wakati. Msibadilishe keneli jioni ya kuamkia siku ya mgao. Msibadilishe mvua ikinyesha na stima ikicheza. Kama ni laptopu, betri iwe imejaa. Na baada ya kubadilisha, kaeni na zote mbili kwa wiki moja au mbili kabla ya kufikiria kuiondoa ya zamani.

SIKU KOMPYUTA IKIKATAA KUAMKA

Kwanza, pigeni picha ya kioo kwa simu. Yale maneno ya mwisho yatamsaidia fundi.

Pili, zimeni kwa kushikilia kidude cha kuwashia sekunde kadhaa. Washeni tena. Orodha ikionekana, ingieni Advanced options for Ubuntu, mchague namba iliyotangulia, ile iliyo katika daftari lenu. Pana pia mistari ya recovery mode. Hiyo ni ya matengenezo, iacheni kwa sasa.

Tatu, kompyuta ikiamka, mmejua ugonjwa: ni keneli mpya. Endeleeni na kazi zenu kwa kutumia ya zamani, mkiichagua kila mnapowasha, mpaka marekebisho mengine yatakapotoka. Hamkutumia hata shilingi moja ya bando, maana akiba ilikuwa ndani tayari.

Nne, ikikataa hata kwa keneli ya zamani, mmejifunza jambo pia. Huenda shida si keneli. Inaweza kuwa diski, kumbukumbu au umeme. Hapa ndipo inapofaa flashi ya pili, yenye Ubuntu nzima ya kuwashia. Kompyuta huamka kutoka kwenye flashi hiyo bila kuigusa diski, na kama diski bado inasomeka, mnaweza kuvitoa vitabu vya kikundi kabla ya fundi kugusa chochote.

MASWALI MATATU YA KUMWULIZA FUNDI

Mafundi wengi ni waaminifu na wanajua kazi. Lakini kufuta diski na kuweka mfumo upya ni njia ya haraka kwake, na hasara ni yenu. Kabla hamjakubali, muulizeni:

"Je, umejaribu kuiamsha kwa keneli iliyotangulia?"

"Je, umeiwasha kwa flashi na kuona kama faili zetu zinasomeka?"

"Je, umetunakilia vitabu vyetu pahali pengine, na tumevifungua tukaviona?"

Jibu likiwa "hapana" kwa lolote kati ya haya, kazi ya kufuta na ingoje.

WINDOWS NA SIMU

Wenye Windows hawachagui keneli kwa namna hii, lakini wazo ni lile lile. Baada ya mfumo kupandishwa kwenda toleo jipya, Windows huweka la zamani katika folda iitwayo Windows.old, na kwa kawaida mna siku 10 za kurudi nyuma. Baada ya hapo hufutwa yenyewe. Marekebisho madogo yaliyoleta shida pia yanaweza kuondolewa kupitia sehemu yake ya dharura. Kwa hivyo msiharakishe kusafisha folda hiyo.

Simu nazo? Android hujengwa juu ya keneli ya Linux. Tangu Android 7, iliyotoka mwaka wa 2016, kuna mpango wa kuweka mfumo pande mbili, A na B. Simu ikiwa inatumia upande A, marekebisho huandikwa upande B. Ikishindwa kuamka kwa B, hurudi A yenyewe. Si kila simu iliyotengenezwa tangu hapo ina mpango huu, lakini nyingi za sasa zinao. Wengi wetu tumebeba akiba ya keneli mfukoni bila kujua.

MAMBO MAWILI YA KUTOCHANGANYA

La kwanza, akiba ya keneli si akiba ya vitabu. Keneli ya zamani haitarudisha orodha ya hisa ikiwa diski imeungua au kompyuta imeibwa. Vitabu vinataka nakala yake, kwenye flashi nyingine, ikae katika nyumba nyingine.

La pili, keneli ya zamani ni ya kukimbilia, si ya kukaa. Ina yale matundu ya zamani. Ni kama nyumba ya jamaa wakati paa lenu limeezuliwa na upepo: mnalala huko mpaka paa litengenezwe, kisha mnarudi kwenu. Keneli mpya iliyo nzima ikipatikana, ijaribuni, na ikifaa, hiyo ndiyo iwe akiba ya kesho. Andikeni namba yake katika daftari.

Akiba haiozi, lakini akiba iliyosahauliwa pia haimsaidii mtu.

YA KUBANDIKA UKUTANI

Namba ya keneli tunayoiamini: ..........
Tarehe tuliyoijaribu mara ya mwisho: ..........
Flashi ya keneli inakaa kwa: ..........
Flashi ya vitabu inakaa kwa: ..........
Wanaojua kuchagua keneli ya zamani: 1. .......... 2. ..........

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kompyuta yetu isipoamka kesho asubuhi, ni kazi gani zitasimama, na kwa hasara gani?

2. Ni watu wangapi kati yetu wanaoweza kuiamsha kwa keneli ya akiba bila kumwita fundi?

3. Ni nani mwenye mamlaka ya kukubali diski ifutwe: katibu peke yake, au kamati yote?

4. Kama tuna mashini nyingine, mathalani ya kusaga au pampu ya maji, je, tunatunza kipuri cha zamani mpaka kipya kimejaribiwa?

Kikundi kikishajaribu hatua ya 7, tutafurahi kupata habari zenu: ni nini kilichofanya kazi, na ni nini kilichowakwamisha. Tuandikieni, nasi tutawaeleza wenzenu katika kurasa hizi.